Kwa Nini Mtoto Mchanga Hupokewa kwa Macho Yaliyofumbwa

Kaeni, nyote mliokuja kumngoja mzazi. Uchungu wa mimba ya kwanza hauna haraka, na sisi tulio huku nje hatuna la kufanya ila kungoja na kusema taratibu. Nitawapa habari niliyoachiwa na bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Atakayeipenda aihifadhi, na atakayeichoka anyamaze mpaka mwisho.

Zamani hapa kwetu Ushungwa, mtoto akizaliwa hakuwa bado mtu. Aliitwa mgeni. Alikaa ndani siku tatu bila jina na bila kuimbiwa, na hata mama yake alimnyonyesha akiwa ameugeuza uso, maana ilisemwa kwamba macho yakimzoea mgeni kisha mgeni akaondoka, huzuni hukausha maziwa ya wadogo zake watakaofuata. Asubuhi ya siku ya tatu, jua likishauvuka mgongo wa mlima, mkunga alimtoa nje na kumlaza juu ya jiwe bapa lililokuwa mbele ya nyumba ya ukoo. Hapo ndipo alipokuja Mtazamaji.

Mtazamaji alikuwa mzee mmoja, na kazi yake ilirithiwa baba kwa mwana. Alinawa mikono, akamfunua mtoto, akamtazama kuanzia utosini mpaka nyayoni. Alitia kidole kinywani kupima kaakaa. Alinyoosha miguu kuona kama inalingana. Alihesabu vidole. Akiona kila kitu kiko kama kilivyo kwa watu wengine, alimnyanyua juu na kumtaja jina, na vigelegele vikapigwa. Akiona kasoro, hakusema neno. Alimfunika kwa jani la mgomba, akamchukua mwenyewe, akashika njia ya msitu wa Kwembago, ng'ambo ya daraja la magogo. Alirudi peke yake. Hakuna aliyelia, kwa sababu huwezi kumlilia asiye na jina. Kesho yake mama yule alikuwa shambani, na waliokutana naye njiani walimuuliza habari za maharage.

Msidhani watu hao walikuwa wakatili kuliko ninyi. Walikuwa waoga wa njaa. Waliamini kwamba mtoto mwenye kasoro ni chungu chenye ufa, na kwamba chungu chenye ufa huzima moto wa nyumba nzima. Wangemlea, mvua ingewakasirikia wote. Waliambiwa hivyo na baba zao, na hakuna aliyewahi kuthubutu kujaribu.

Katika siku hizo Mtazamaji alikuwa Sekiondo, mtu mrefu, mpole wa maneno, mwenye kuheshimika tangu juu mlimani mpaka bondeni. Aliirithi kazi baba yake alipofariki, na alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili. Hakuifurahia. Kila aliporudi kutoka Kwembago alikaa siku mbili bila kula chakula cha moto, ingawa hakuna desturi iliyomtaka kufanya hivyo. Hata hivyo aliifanya, wala hakuwahi kumpendelea mtu.

Miaka mitatu kabla ya mambo ninayoyasimulia, alimchukua mtoto wa mwanamke mmoja aliyeitwa Mboza. Mtoto huyo wa kiume alizaliwa mzima wa viungo vyote isipokuwa mdomo wa juu, ambao ulikuwa umepasuka mpaka puani. Mboza alikuwa ameambiwa augeuze uso wakati wa kunyonyesha. Hakuugeuza. Siku zote tatu alimkamulia maziwa tone kwa tone kwenye ulimi, akimtazama. Mtoto alipochukuliwa, Mboza hakulia mbele za watu, lakini tangu siku hiyo hakuonekana tena akimbeba mtoto wa mtu yeyote. Akipewa, alirudi nyuma na kuificha mikono ndani ya kanga.

Basi mwaka huo Naetwe, mke wa mtoto wa kwanza wa Sekiondo, akashika mimba. Aliyemtunza alikuwa Nanzighe, mkunga mkuu wa Ushungwa, ambaye mama yake pia alikuwa mkunga. Nanzighe alikuwa na desturi ya kumpapasa mjamzito tumbo na kumweleza yanayotendeka ndani, ili asiogope. Alimwambia Naetwe kwamba mwezi wa kwanza mtoto ni kama punje iliyolowa. Mwezi wa pili moyo umeshaanza kudunda, ingawa mwenye moyo bado hatoshi kujaa kiganja. Kuhusu mikono alisema hivi: "Mkono hauanzi na vidole, mwanangu. Huanza kama jani changa la mgomba, zima, halina mpasuko. Halafu huchanika lenyewe taratibu, huku na huku, mpaka vidole vikatokea."

"Na nani anayelichana?" Naetwe aliuliza.

"Hakuna aijuaye kazi hiyo. Mimi hupokea tu kilichokwisha tengenezwa."

Mimba ilikomaa. Siku ya kujifungua ilipofika, Naetwe aliona uchungu tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Mtoto alitoka vizuri, kichwa kwanza, akalia kabla hata kitovu hakijakatwa. Alikuwa msichana. Nanzighe alimfuta, akamgeuza, akaushika mkono wake wa kulia ili aufute pia, na mara akatulia. Pembeni mwa kidole cha mwisho palikuwa na kidole kingine, kidogo kama punje ya mahindi mabichi, na kilikuwa na kucha. Akautazama mkono wa kushoto. Ulikuwa hivyohivyo.

Naetwe aliuona uso wa mkunga. "Nionyeshe," alisema.

"Geuza uso, mwanangu. Ni siku tatu tu."

"Bibi, nionyeshe mwanangu."

Nanzighe alimwonyesha. Naetwe alivihesabu vidole kwa kuvigusa kimoja kimoja, na alipofika cha sita alikishika akakaa nacho. Kisha akamweka mtoto kifuani, uso kwa uso, akasema, "Atakayemtaka atanikuta hapa."

Siku ya pili, Nanzighe alimfuata Sekiondo kwenye migomba yake. Mzee alikuwa akichagua jani la kesho, kama ilivyompasa kulichagua kila mara, lihitajike au lisihitajike. Nanzighe alikuwa amemzidi miaka michache, na walipokuwa wawili tu hakumwita kwa cheo.

"Sekiondo, mjukuu wako ana vidole sita. Mikono yote miwili."

Mzee aliliweka jani chini. Kisha alisema, "Dada Nanzighe, hukupaswa kuniambia kabla ya siku ya jiwe."

"Najua. Kuna lingine pia ambalo sikupaswa kukuambia, na nimekaa nalo tangu mama yangu alipofariki. Hayo makovu mikononi mwako, pembeni mwa vidole vidogo. Uliambiwa ni ya nini?"

"Ya moto. Nilitambaa nikaangukia jikoni."

"Ni moto gani unaochoma mikono miwili mahali pamoja, kwa ukubwa mmoja?"

Sekiondo aliitazama mikono yake. Swali hilo alikuwa amewahi kujiuliza akiwa kijana, siku moja tu, kisha akaliacha.

Nanzighe alimweleza yote. Sekiondo alipozaliwa, mkunga alikuwa mama yake Nanzighe, na Mtazamaji alikuwa baba mzazi wa mtoto mwenyewe. Yule baba alipovikuta vidole vya mwanawe, alitangaza kwamba kuna ugonjwa ndani ya nyumba na kwamba siku ya jiwe imeahirishwa. Vidole vile vilifungwa kwa uzi wa katani, vikakazwa, na siku ya tisa vikawa vimekauka na kudondoka. Siku ya kumi baba alimtoa mwanawe jiweni mbele ya watu wote, akamhesabia vidole kumi kwa sauti kubwa.

"Uzi ninao," alisema Nanzighe. "Tangaza ugonjwa. Siku tisa zinatosha. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi na wewe na Naetwe."

"Unakumbuka wangapi walikuwa na vidole sita, kati ya wale niliowachukua?"

"Wawili."

"Wawili," alisema Sekiondo. "Wote ni kumi na tisa. Nawakumbuka wote. Na wewe ulijua?"

Nanzighe hakuinua uso. "Nilijua. Mimi ndiye niliyekukabidhi."

Sekiondo alilirarua lile jani alilolichagua. Alisema neno moja tu kabla ya kuondoka: "Kesho nitakuja jiweni." Nanzighe alirudi kwa Naetwe asijue kama neno hilo lilikuwa uhai au kifo, na Naetwe alipolisikia alimfunga mtoto kwa kanga mbili mwilini mwake, fundo juu ya fundo.

Asubuhi ya siku ya tatu watu walijaa, maana alikuwa mjukuu wa Mtazamaji mwenyewe. Mkunga alipotoka nje hakuwa na kitu mikononi. Nyuma yake alitoka Naetwe, akiyumba kwa udhaifu, mtoto kifuani. Mzazi hakuwa akiruhusiwa kufika jiweni, na minong'ono ikaanza. Sekiondo aliwanyamazisha kwa mkono. Akanawa. Akamwambia mkwewe, "Mama, sitamchukua. Nifungulie tu mikono yake."

Naetwe alimtazama baba mkwe wake, akalegeza kanga ya juu. Sekiondo aliinama akahesabu kwa sauti, polepole, mpaka kumi na mbili. Wengine walianza kuondoka, kwani desturi ilikuwa kutomtazama Mtazamaji akishika njia ya Kwembago.

"Subirini," alisema. Akainua mikono yake mwenyewe juu. "Njooni karibu mwone. Hapa, na hapa. Nilizaliwa na vidole kumi na viwili. Baba yangu alivifunga uzi akawaficha baba zenu. Jana tu nimeambiwa. Kama sheria ni sheria, basi nipelekeni mimi kwanza, maana mimi ndiye niliyetangulia."

Mzee mmoja wa bondeni akasema kwa hasira, "Na mvua je? Unataka watoto wetu wafe kwa njaa kwa ajili ya mjukuu wako?"

"Nimekaa nanyi miaka sitini na minne," alijibu Sekiondo. "Miaka hiyo yote nilikuwa chungu chenye ufa. Mvua ilinyesha au haikunyesha?"

Ndipo watu wakapisha njia, na Mboza akapita katikati yao. Alisimama mbele ya Sekiondo karibu sana, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia, "Na wangu je?"

Sekiondo alijibu, "Wako alikuwa mzima, Mboza. Alikuwa na mdomo uliopasuka, basi. Alilia njia nzima."

"Njia nzima?"

"Mpaka darajani. Baada ya hapo akanyamaza. Sikumfunika uso."

Mboza aliitikia kwa kichwa kama aliyepokea ujumbe. Alimgeukia Naetwe na kunyoosha mikono yote miwili, ile mikono aliyokuwa akiificha kwa miaka mitatu. Watu walishikwa na hofu. Naetwe naye aliogopa, kwa maana hakuna aliyejua mwanamke yule angefanya nini, na wako waliosema baadaye kwamba wangekuwa wao wasingempa. Lakini Naetwe alifungua fundo la pili, akamtoa mtoto, akamlaza mikononi mwa Mboza.

Mboza alifumba macho. Hakuyafumba kwa busara wala kwa ibada. Baadaye alimwambia Nanzighe kwamba aliyafumba kwa sababu angeutazama uso wa mtoto yule angeuona wa mwanawe, na angeanguka. Alisimama hivyo, akimpima kwa mikono, akiteremsha shavu lake mpaka likagusa utosi, pale laini panapodunda. Mtoto alijinyoosha akapiga chafya.

"Ni mzito," Mboza alisema.

"Ana joto," alisema tena. Machozi yalimtoka chini ya kope zilizofumbwa, yakamdondokea mtoto. "Jamani, huyu ni mtu. Ni wetu huyu. Mpeni jina."

Sekiondo alimwita Nakijwa, jina la mama yake. Vigelegele havikupigwa. Watu walikuja mmoja mmoja, si wote, na kila aliyemfikia Mboza alifumba macho kama yeye kabla ya kumgusa mtoto, wengine kwa kuiga tu na wengine kwa aibu. Yule mzee wa bondeni aliondoka bila kumgusa.

Siku iliyofuata Sekiondo aliwapeleka akina mama Kwembago. Walikuja kumi na mmoja. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, na wawili walikataa kutoka ndani. Aliwaongoza mti kwa mti, jiwe kwa jiwe, akisema, "Hapa, wako, wakati wa mavuno ya mtama. Hapa, wako, siku ya ukungu." Hakukosea hata mmoja. Kila mama alipiga magoti mahali pake akampa mwanawe jina, na walipokwisha kuwataja, wakalia kwa sauti. Kilio hicho kilisikika mpaka ng'ambo ya daraja, na waliokuwa mashambani waliweka majembe chini. Mboza alilisema jina la mwanawe akiwa ameinama mpaka mdomo ukagusa udongo, na hakuna mwingine aliyelijua. Sekiondo alisimama mbali. Hakuna aliyemwita asogee, wala yeye hakuomba kusogea.

Mvua ya vuli mwaka ule ilikuwa haba. Ilikuwa haba kama mwaka uliotangulia, lakini safari hii palikuwa na mtu wa kulaumiwa. Wanaume walikwenda wakasimama nje ya nyumba ya Naetwe, wakimtaka amtoe mtoto. Walimkuta Mboza amekaa mlangoni akichambua mboga. Aliwatazama, akaendelea kuchambua, nao wakasimama mpaka jua likawachosha, kisha wakarudi makwao. Masika ilinyesha kama kawaida yake. Mvua haikuwa imejali lolote.

Sekiondo alifariki kabla Nakijwa hajatimiza miaka mitatu. Mwanawe alipoitwa arithi kazi, alisema hakuna kazi ya kurithi.

Bibi yangu hakupenda watu wadhani kwamba tangu hapo mambo yakawa mepesi. Mwaka wa pili alizaliwa mtoto mwenye midomo ya buluu, asiyeweza kunyonya bila kuhema. Mboza ndiye aliyempokea. Alifumba macho, akasema ni mwepesi, ana joto, ni wetu, na jina likatajwa. Mtoto yule aliishi siku kumi na moja. Kupokewa hakukumponya. Lakini siku zote kumi na moja alipita mikononi mwa watu, na alipofariki alizikwa nyuma ya nyumba ya baba yake, na mama yake alikaa matanga, watu wakalia pamoja naye, na hakuna aliyemtuma shambani. Nanzighe alisema kwamba katika maisha yake yote ya ukunga, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga akilala usingizi.

Nakijwa alikua, akasuka mikeka, akaolewa, akazaa watoto sita. Watatu walikuwa na vidole kumi na viwili.

Na tangu siku ile Mboza alipofumba macho, hapa Ushungwa, mtoto mchanga hupokewa kwa macho yaliyofumbwa. Mkunga hatangazi kama ni wa kiume au wa kike, wala hasemi neno juu ya viungo vyake, na hakuna anayemuuliza. Baba huingia kwanza, kisha bibi na babu, kisha jirani. Kila mmoja hufumba macho, hunyoosha mikono, na akishawekewa husema kile mikono yake inachomwambia: ni mzito, au ni mwepesi, ana joto, ni wetu. Halafu jina hutajwa. Macho hufumbuliwa mwisho kabisa, na chochote yatakachokiona, yamekwisha kuchelewa.